Kwa chama cha Kiitaliano hapa Nakuru: picha zimetosha, sasa tusikie midomo

Wanangu,

Salamu kwenu nyote, wa mwaka wa kwanza hadi wa nne. Ratiba yenu ya mwaka uliopita nimeisoma, na ubao wa mafanikio nje ya ofisi ya idara nimeutazama. Jioni ya filamu ipo, jioni ya chakula ipo, matembezi yapo, na picha kibao. Kisichoonekana popote ni nani leo anaweza kusema jambo ambalo muhula uliopita lilimshinda. Shughuli isiyomlazimisha kila mwanachama kufungua kinywa kwa Kiitaliano ni tafrija tu, na kwa tafrija hamhitaji idara.

Tuanze na meza ya mazungumzo, maana ndiyo roho ya chama na ndiyo inayoendeshwa vibaya kuliko zote. Watu 20 wakizunguka meza moja kwa saa nzima, kila mmoja ana dakika 3, na hata hizo zinaliwa na wawili watatu wa mwaka wa nne. Jigaweni wanne wanne. Mada itangazwe siku mbili mapema, nayo iwe ndogo: kuvutana na mwenye nyumba kuhusu kodi, kumweleza daktari tumbo linauma wapi, kumdai kondakta chenji. Mada kama “utamaduni wa Italia” inaua mazungumzo kabla hayajaanza. Watatu wazungumze dakika 30, wa nne anyamaze na kuandika makosa bila kumkatiza mtu, kisha dakika 10 za mwisho ayasome. Zamu ya msikilizaji izunguke kila wiki. Kukatizana ndiko kunakowafunga mdomo wa mwaka wa kwanza. Akikatizwa mara mbili mbele za watu, muhula wote atakuja kukaa tu.

Msikilizaji naye ajue anawinda nini. Kiswahili kimetupa irabu safi, lakini kinatuangusha kwenye mkazo: sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtu anasema “abitáno” na “telefóno”, ilhali Mwitaliano hutamka àbitano (wanaishi) na telèfono (simu). Makosa ya pili ni konsonanti pacha. Nono ni wa tisa, nonno ni babu. Sete ni kiu, sette ni saba. Na anayetaja umri wake akala n moja ya anni (miaka), wageni watacheka wala hawatamweleza sababu. Dawa ni kuikawiza: ulimi ubaki pale pale kitambo kabla ya kuiachia. Jirekodini kwa simu, sentensi kumi tu, kisha msikilize. Sikio hukamata kile ambacho mdomo unakana.

Shughuli ambayo ningeiweka juu ya zote hamna kabisa, na iko mlangoni mwenu. Ziwa Nakuru liko hapo. Tayarisheni matembezi ya kuongoza wageni kwa Kiitaliano, dakika 15, kila mwanachama na kituo chake: faru, twiga, nyati, na ndege. Majina ya wanyama ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe inaanza mgeni anapouliza flamingo walienda wapi, maana picha alizoziona kwao zilionyesha ufuo mzima wa waridi. Hapo huwezi kujibu kwa neno moja. Lazima ueleze kwamba maji ya ziwa yalipanda, chumvi na magadi yakapungua nguvu, mwani anaoula fenicottero, yaani flamingo, ukapungua, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Hilo linadai siccome (kwa kuwa), perciò (kwa hiyo), wakati uliopita wa aina mbili (il livello saliva, maji yalikuwa yakipanda; gli uccelli sono partiti, ndege wakaondoka), na mwalimu hatakuwa kando ya kukunong’onezea. Kosa la kawaida ni kukariri ukurasa mzima. Swali moja la pembeni na mtu anarudi mwanzo kama redio. Andikeni vidokezo vitano kwenye kadi, basi. Mazoezi yafanyieni chuoni kwanza, wenzenu wakiwa wageni wasumbufu.

Matembezi ya mbali mnaweza kuyaacha kama yalivyo. Lile kanisa dogo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, walilojenga mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, linastahili nauli, mradi mmoja wenu asimulie habari zake kwa Kiitaliano pale pale, si ndani ya gari mnaporudi.

Chakula sikikatazi. Kipimo ni gramu 100 za pasta kavu kwa mtu, lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi. Watu 40 ni kilo 4, na hakuna jiko la gesi la hosteli litakalochemsha lita 40. Pikeni kwa mikupuo: lita 10, kilo moja, kisha mkupuo mwingine. Msitumbukize kabla maji hayajatokota sawasawa, la sivyo inakuwa gundi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi. Ongezeni moja au mbili, na muonje. Msiisuuze kwa maji baridi. Na amri zote jikoni ziwe kwa Kiitaliano: versa (mimina), mescola (koroga), assaggia (onja), scola (chuja). Asiyeelewa ameunguza, mtajua ni nani.

Wiki ya lugha ya Kiitaliano duniani huwa Oktoba, kwa kawaida wiki ya tatu, tangu 2001, nayo huangukia karibu na Mashujaa tarehe 20. Watu wanaenda nyumbani, ukumbi unabaki mtupu. Wekeni onyesho mbali na sikukuu, hata likiwa siku chache kabla. Na badala ya hotuba, igizeni kwa mtindo wa commedia dell’arte, maigizo ya kale ya Kiitaliano: Pantalone bahili, Dottore mpayukaji, Arlecchino mwenye njaa. Waigizaji wale walikuwa na muhtasari wa kisa tu, maneno wakayabuni jukwaani, na hicho ndicho mnachohitaji.

Kuhusu mtihani. CILS, mtihani wa Kiitaliano wa chuo kikuu cha Siena, kuanzia B1 (kiwango cha kati), ina sehemu tano zenye alama 20 kila moja, na kila sehemu inataka angalau 11. Aliyepata 18 kwenye sarufi na 9 kwenye kusikiliza hajafuzu, na wanafunzi waliosomea vitabuni huangukia hapo hapo. Sehemu alizopita huhifadhiwa kwa muda, akarudia iliyomwangusha. Vikao vikuu ni Juni na Desemba, na usajili hufungwa wiki kadhaa kabla. Kwenye ubao basi, mwenyewe akikubali, andikeni kiwango, tarehe na alama za kila sehemu, badala ya “alishiriki”.

Wanaotaka kwenda kusoma Italia watajisajili kupitia Universitaly, tovuti ya vyuo vikuu vya Italia, na misaada ya masomo ya mikoa ya huko hutolewa kwa kutazama kipato cha familia, kwa karatasi zilizotafsiriwa na kuthibitishwa. Kinachowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiru kwanza, cha KCSE kinamweka mwisho, pasipoti imemwacha. Marekebisho huchukua miezi. Katibu akusanye nakala za hati hizo tatu kutoka kwa kila mwenye nia, kwenye kikao cha kwanza cha muhula, azilinganishe herufi kwa herufi, na atakayekutwa na tofauti aende kwa msajili wiki hiyo hiyo.

Ni mimi, mzee wenu.