Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kwanza wa Oregon Ndani ya Big Ten

Ndugu wanachama,

Tulipokutana mwaka jana wengi wetu tulikuwa na hofu, nami nikiwa mmoja wao. Chuo Kikuu cha Oregon kilikuwa kinahama ligi yake ya michezo. Tangu 1915 kilishindana na majirani zake wa magharibi, lakini ligi ile, iliyokuja kuitwa Pac-12, ilisambaratika. Tarehe 2 Agosti 2024 tukaingia rasmi Big Ten, ligi ambayo sasa ina vyuo 18 na imetanda mpaka New Jersey. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Oregon walishika jembe siku ile ile ya kwanza.

Tarehe 12 Oktoba, pale Autzen, uwanja wetu wa nyumbani, mbele ya mashabiki 60,129, vijana wa futiboli ya Kimarekani wa kocha Dan Lanning waliifunga Ohio State 32 kwa 31. Wengi wenu mlikuwepo, na mnajua sauti zilivyotukauka. Walimaliza michezo 12 ya msimu bila kupoteza hata mmoja, na tarehe 7 Desemba wakaichapa Penn State 45 kwa 37 kule Indianapolis na kutwaa ubingwa wa ligi. Siku ya Mwaka Mpya, katika Rose Bowl, mchezo wa mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa, Ohio State walilipiza 41 kwa 21. Kipigo hicho kiliuma, na bado kinauma.

Softiboli nao walimaliza msimu wakiwa vinara wa ligi, besiboli wakagawana nafasi hiyo na UCLA, na mwezi Machi mabinti wa riadha wakatwaa ubingwa wa mashindano ya ndani ya ukumbi wa vyuo vyote vya Marekani.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Zamani timu ilipanda basi kwenda Corvallis, kwa jirani zetu Oregon State, na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Leo kwenda Rutgers, chuo cha kule New Jersey, ni kukata nchi nzima na kusogeza saa mara tatu. Timu ya futiboli hucheza mara moja kwa wiki, kwa hiyo inahimili. Wanaochoka ni wale wa voliboli, softiboli na besiboli, wanaocheza mara nyingi zaidi, na mtihani wa Jumatatu haumsubiri mtu aliyetua alfajiri. Nafurahia kombe kama ninyi, ila nakataa tulihesabu bila kumhesabu mwanafunzi aliyelibeba.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijali hili. Edward Cheserek alitoka Kenya akavaa jezi ya Oregon na kushinda mataji 17 ya kitaifa ya vyuo. Mwezi Juni 2025, Hayward Field, uwanja wa riadha wa Oregon, ulipoandaa fainali za vyuo, Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, na Pamela Kosgei wa New Mexico akashinda mita 5,000 na 10,000. Hawakuwa wa chuo chetu, lakini tulipaza sauti kwa Kiswahili na waligeuka kututazama. Na tarehe 5 Julai, katika uwanja huo huo, Beatrice Chebet na Faith Kipyegon waliweka rekodi za dunia siku moja: Chebet 13:58.06 katika mita 5,000 na Kipyegon 3:48.68 katika mita 1,500.

Kuna jambo jipya. Kwa makubaliano yaliyoidhinishwa mahakamani tarehe 6 Juni 2025, vyuo sasa vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na idadi ya wachezaji kwa kila timu imewekewa ukomo. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hawezi kupokea malipo hayo kirahisi kama mwenzake Mmarekani, na nafasi kwenye timu zimekuwa chache. Kijana wa kwetu anayekuja na viatu vyake na barua ya udhamini anaweza kujikuta pembeni pande zote mbili.

Kamati yenu inapendekeza mambo mawili. Kwanza, familia zilizo tayari zijiandikishe kuwa wenyeji wa wanafunzi wetu wakati wa likizo, mabweni yanapofungwa. Pili, tumtafute mwanasheria wa uhamiaji atakayekuja kuwaeleza haki zao kabla masomo hayajaanza Septemba.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Naomba hoja ya wenyeji ijadiliwe kwanza; daftari la majina liko mezani kwa katibu.