YAH: MALALAMIKO KUHUSU ALBAMU YA HARUSI ILIYOSKANIWA VIBAYA

Meneja,
Kitengo cha Kuskani Picha,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Niliwakabidhi albamu ya harusi ya wazazi wangu, picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizopigwa Unguja. Faili mlizonipa zimenisikitisha sana. Baba amevaa kanzu nyeupe na joho jeusi. Kwenye karatasi, mikunjo ya kanzu inaonekana na tarizi ya joho inaonekana. Kwenye faili zenu kanzu imekuwa weupe mtupu na joho limegeuka doa jeusi. Baba alishafariki, wajukuu wake watamjua kwa picha hizi tu.

Fundi wenu alinieleza kwamba albamu nzima iliskaniwa kwa mpangilio mmoja wa otomatiki. Hapo ndipo penye kosa. Picha ya mchana uani na ya usiku ukumbini hazina mwangaza sawa, na zile zilizopauka, ambazo weusi wake umebaki kijivu, zinahitaji kushughulikiwa kivyake. Isitoshe, pambizo nyeupe za picha na kurasa nyeusi za albamu ziliachwa ndani ya eneo la kuskani, hivyo skana ikapima makaratasi badala ya watu. Fundi alitakiwa achague eneo lililo ndani ya pambizo, atazame histogramu (mchoro unaoonyesha picha ina weusi na weupe kiasi gani), aweke ncha ya weusi na ya weupe pale toni (viwango vya mwangaza) za picha hiyo zinapoishia, ndipo asogeze toni za kati mpaka nyuso zikae sawa. Hayo huchukua dakika chache kwa kila picha, na bei mliyonitoza ilihesabiwa kwa kila picha.

Kuniambia nikarekebishe mwenyewe kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, si jibu. Faili zenu za picha, JPEG, ni za biti 8, yaani ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe. Ngazi huhesabiwa kuanzia 0, hivyo sehemu ya kanzu iliyofika 255, yaani weupe wa mwisho, haina tena mkunjo wa kurudishwa.

Naomba picha zote ziskaniwe upya, moja moja, otomatiki ikiwa imezimwa, kwa biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi, na zihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza ngazi hizo, bila malipo ya ziada. Kama hamuwezi, nirudishieni fedha zangu niipeleke albamu kwingine.

Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku saba. Albamu nitaileta mwenyewe, na naomba niketi na fundi wakati picha ya baba inaskaniwa.

Wenu,
Mteja