Ule mkebe wa babu usiuoshe

Buguruni, Dar es Salaam

Mwanangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako mguu umepoa, jana alitembea mwenyewe mpaka sokoni akarudi na ugomvi wa bei ya nyanya, kwa hiyo ujue amepona.

Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe ule mkebe wa babu uliokwenda nao Arusha umemwonyesha mwenzako wa kazini, naye kakushauri uzisugue sarafu kwa dawa ya meno zing'ae, uzipige picha, uziuze mtandaoni. Ningekujibu kwa simu ningefoka, ndiyo maana nimechukua kalamu. Usiioshe hata moja, mama. Hata kwa maji matupu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi niliwahi kuosha. Nilikuwa darasa la tano. Humo mkebeni mna pesa moja ya Mjerumani, ya shaba, ya mwaka 1890. Upande mmoja ina tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307. Wakati huo ilikuwa na rangi ya kahawa iliyoungulia. Nikaona aibu babu yako kutunza kitu cheusi vile, nikachukua limau na majivu ya jikoni, nikakaa kibarazani nikaisugua mpaka ikawaka. Aliporudi akaishika, akaigeuzageuza. Hakunipiga. Alisema tu, "Umeichuna ngozi," akairudisha mkebeni. Itazame kwenye mwanga wa dirisha, uiinamishe kidogo: utaona mikwaruzo myembamba inakatiza bawa la tai. Ni mkono wangu huo, na mnunuzi wa leo huiona mikwaruzo kabla ya tai mwenyewe.

Zamani wakusanyaji wengi tu waliona kusafisha ndiko kutunza. Siku hizi ile rangi ya uzee ndiyo wanayoilipia. Huko Marekani, tangu miaka ya 1986 na 1987, kampuni mbili, PCGS na NGC, zinaikagua sarafu, zinaipa alama kutoka 1 hadi 70, kisha zinaifungia ndani ya kikasha kigumu cha plastiki chenye namba yake. Za shaba wanazitenganisha hata kwa rangi: nyekundu, nyekundu iliyochanganyika na hudhurungi, na hudhurungi tupu. Ikisuguliwa, wanaandika palepale kwamba imesafishwa, na bei inaporomoka. Mzee mmoja fundi saa wa Kisutu ndiye aliyenionyesha kikasha cha kwanza. Nikamuuliza, sasa sarafu huishiki? Akacheka. "Unaishika plastiki."

Mimi na rika langu hatukukusanya hivyo. Unajua nilianza ukonda mwaka 1984, nauli shilingi tano, na ile sarafu pana ya tano tukiiita dala, jina la daladala limetoka humo, sisi tukipiga kelele mlangoni "dala! dala!" Jioni, kabla ya kukabidhi hesabu kwa tajiri, nilikuwa nachambua chenji chini ya taa. Nilikuwa na kipande cha boksi la viatu nilichokitoboa matundu, kila tundu na mwaka wake. Senti tano yenye sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zimeanza 1966. Lengo lilikuwa kujaza matundu basi. Sarafu ikiwa imelika mpaka mbuni hana shingo, kama mwaka unasomeka, naiweka.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Jamaa mmoja aliyekuwa na ndugu yake benki aliniletea senti ishirini mpya kabisa, kama kumi na tano hivi, bado zina ule mng'ao wa kutoka kiwandani. Nikatazama boksi langu: mwaka ule ninao. Nikazigawa zote kwa abiria kama chenji, kituo cha Mnazi Mmoja, asubuhi moja tu. Leo wakusanyaji wanaacha tundu wazi miaka kumi wakisubiri mbuni wa namna ile, na yule wangu asiye na shingo hawamwangalii.

Hata maana ya adimu imegeuka. Humo ndani mna senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936. Soma jina linalozunguka tundu: Edward wa Nane. Huyo alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti Desemba 1936 kabla sarafu zenye sura yake hazijaanza kutumika kwao. Zetu za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu katikati, hazikuhitaji sura, zikatoka na jina tu, tena nyingi. Basi jina la mfalme ambalo Mwingereza halikuti kwenye chenji ya kwao, bibi yako alilipia chumvi. Na hadi leo ni ya bei rahisi, kwa sababu zipo tele. Usimkubali atakayekuambia ni ya mamilioni, na usimpe bure vilevile.

Zile shilingi za simba, za Mfalme George, utazitambua kwa mwaka wake tu: kuanzia 1921 hadi 1946 robo yake ilikuwa madini ya fedha, na za 1948 kuendelea hazina kabisa. Kuna wanunuzi sasa wanaozitaka kwa ajili ya hiyo fedha, wanazipima kwenye mizani kama dagaa. Hao usiwauzie. Nimesema.

Kuna na kundi la kinyume chake. Mwaka 1974 zilitolewa kwa jina la Tanzania sarafu za kuhamasisha uhifadhi wa wanyama: twiga ya shilingi 25, kifaru ya shilingi 50, na duma ya dhahabu ya shilingi 1,500. Hakuna konda aliyewahi kupewa duma. Zilitengenezwa ziende moja kwa moja kwenye visanduku vya wakusanyaji, na nchi nyingi zinafanya biashara hiyo mpaka leo. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Lakini sarafu ambayo haijawahi kununua hata andazi, mimi sina maongezi nayo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile mbaya kuliko zote, heller 20 ya Tabora ya 1916, yenye herufi T. Mjerumani alikuwa amezingirwa vitani, meli za kuleta pesa hazifiki, akafungua kazi ya sarafu Tabora, akitumia hata shaba ya maganda ya risasi na mizinga. Imekaa kombo, taji limefifia. Babu yako alifanya kazi reli Tabora, na hii aliipata hukohuko. Wakusanyaji wa sasa wanazipenda kwa hizo kasoro, wanalinganisha umbo la taji na mikunjo ya herufi wazitenge aina kwa aina. Na heller hiyohiyo ndiyo hela yetu, mama. Ukisema huna hela, unamtaja Mjerumani.

Jihadhari na watu wa rupia. Kariakoo alinifuata mmoja akitaka "kuipima" rupia yangu kwa punje za mchele: ikiuvuta mchele, milioni mia mkononi. Rupia ni ya madini ya fedha, na madini hayo hayavuti hata sindano. Nilipomwambia hivyo akadai laki tatu ya kumwita mtaalamu. Wakikufikia Arusha, wape maji ya kunywa waondoke.

Mkebe uhifadhi mahali pakavu. Kila sarafu ifunge peke yake kwenye karatasi safi, uishike ukingoni kama unavyoshika picha. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka dukani usivitumie, vinatoa utomvu wa kijani unaokula shaba. Ukija Idi, uje nao kwenye mkoba wako wa mkononi, usiutie kwenye buti la basi. Kuuza tutazungumza hapa, na nitakusikiliza, maana ada ya mtoto naijua.

Mama yako anasema usisahau vitunguu vya Mang'ola, gunia dogo, sio vile viwili vitatu vya mwaka jana.

Baba yako.