Barua kwa Kulwa kabla ya Wembley

Newcastle, Uingereza
Jumanne, 21 Februari 2023

Dada yangu Kulwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kirumba, Mwanza, wewe, shemeji na watoto. Mama mwambie shikamoo yake nimeiweka mstari wa kwanza kabisa, asije akasema Wazungu wamenimaliza adabu. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Unaona? Ile ya darasa la nne bado ninayo kichwani.

Naandika kwa mkono kwa sababu yake yeye Mama. Anasema ujumbe wa sauti ukishasikilizwa umekwisha, lakini barua inakaa kabatini. Nitaipiga picha nikutumie leo hii, umsomee jioni ukishafunga meza ya dagaa. Yenyewe itakuja na posta, siku ikitaka kuja.

La kwanza ni kukuomba radhi. Jumanne ile ya tarehe 7, baada ya lile tetemeko la Uturuki, nilikupigia natetemeka: "Kulwa wetu katolewa! Yuko hai!" Ukapiga kigelegele hapo sokoni Mwaloni mpaka wenzako wakauliza nani kajifungua. Habari ilikuwa imetangazwa Uturuki, ikatangazwa Ghana, ikatangazwa hapa, nami nikaibeba kama ilivyokuja. Haikupita muda ikageuka: hospitali aliyosemekana kapelekwa, hayupo. Tangu siku ile nakukwepa. Mara tatu umeniandikia "vipi mgonjwa wetu?" nami nakujibu habari za baridi.

Kulwa, Jumamosi wamempata. Siku ya kumi na mbili, chini ya kifusi.

Mama hapo atakukatisha aulize Kulwa gani tena huyo, na wa kwake si ndiye anamsomea? Basi mweleze, maana alikuwa hafuatilii.

Nilipofika huku 2016, timu ya mji huu, Newcastle United, ilikuwa imeshuka daraja. Wakati ule kazi yangu ilikuwa hiihii, kusukuma vitanda vya wagonjwa usiku. Mghana mmoja tunayesukuma naye akaniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia Doto ni pacha aliyefuata, na aliyetangulia ni Kulwa. Akasimama katikati ya korido, kitanda kikiwa na mtu. Akasema kwao Waewe pacha wa kiume aliyetangulia anaitwa Atsu, na kwamba timu yetu hapa ndiyo kwanza imemkopa Atsu mmoja kutoka Chelsea, winga, mguu wa kushoto, naye ana pacha wake wa kike. Mgonjwa akatuuliza kama tunampeleka eksirei au tumefika.

Kuanzia hapo Christian Atsu kwangu akawa Kulwa, na kwako pia. Ile jezi yenye namba 30 niliyokutumia wewe ndiye unajua imepita wapi. Ina magamba ya samaki sasa. Watu wakikuuliza Atsu ni nani unawajibu: "Ni mimi, kwa Kighana."

Hakuwa mfungaji, tuseme ukweli. Mechi 121 na mabao 8; shemeji akisikia hesabu hiyo atacheka mpaka alale. Chelsea walimnunua 2013 na hawakumchezesha hata mechi moja ya mashindano, wakawa wanamkopesha huku na huku, Vitesse, Everton, Bournemouth, Málaga, kama mzigo unaohamishwa basi kila stendi. Hapa ndipo aliposhushwa. Mfupi, mwepesi, mpira ukimfika pembeni kulia anaingia nao ndani kwa kushoto, na beki anajua ataingia ndani, na bado anaingia. Tukapanda daraja 2017 tukiwa mabingwa, klabu ikamnunua moja kwa moja. Na usisahau tulishamwona kabla, pale kibanda umiza, fainali ya AFCON ya 2015, kombe la mataifa ya Afrika, Ghana na Ivory Coast, penalti 9 kwa 8 mpaka makipa wakapiga. Ghana walifungwa, lakini mchezaji bora wa mashindano alikuwa yeye. Wewe ndiye ulisema, "Katoto kale kanajua." Basi ni kale kale.

Kitu kingine cha kumwambia Mama: alikuwa akilipa faini za watu waliofungwa kwao Ghana kwa makosa madogo, mtu kaiba chakula, hana cha kulipa, anaoza gerezani. Analipa, mtu anatoka. Mama atapenda hilo kuliko mabao.

Aliondoka hapa 2021 akaenda Saudi Arabia, halafu Septemba mwaka jana akaingia Hatayspor, Uturuki. Tarehe 5 mwezi huu walicheza na Kasımpaşa. Sifuri kwa sifuri, dakika za majeruhi zinakwisha, dakika ya 97 wanapata faulo. Anapiga yeye. Bao. Mpira umekwisha. Watu wa klabu yake walisema alikuwa aondoke na ndege usiku uleule, lakini baada ya bao lile akaona abaki na wenzake. Saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri ardhi ikatikisika, na jengo alilokuwa akiishi pale Antakya, ghorofa kumi na mbili, likalala chini na watu wake.

Bao hilo linaninyima usingizi, Kulwa. Mtu ambaye hafungi ovyo, kafunga. Angepiga ukutani angeinama, akavua viatu, akachukua begi lake. Najua haifai kufikiri hivi. Mtu unayejua kuhusu tiketi niliyoahirisha Mzee wetu alipokuwa anaumwa, kwa ajili ya shifti mbili za ziada, ni wewe peke yako, kwa hiyo hapa Mama usimsomee.

Jumamosi asubuhi natoka shifti, yule Mghana nikamkuta kakaa kwenye kiti cha magurudumu, kiti cha wagonjwa, simu mkononi. Hakusema kitu, akanigeuzia kioo. Wakala wake mchezaji alikuwa ametangaza kwamba mwili umepatikana. Nikakaa kiti cha pili. Tukabaki pale kama wagonjwa wawili wanaosubiri kusukumwa.

Jioni yake tulikuwa na Liverpool nyumbani. Tiketi za St James' Park siku hizi hazishikiki, lakini yule mzee jirani yangu, niliyekuambia ananipaga rubabu, yale mashina machachu, za shambani kwake, kijana wake alipangiwa kazi, akanipa nafasi. Nikaenda bila kulala. Kabla ya mpira uwanja mzima ukasimama kwa ajili ya Atsu, watu zaidi ya elfu hamsini, na mkewe na watoto wake wamo humo humo. Mzee akavua kofia yake ya sufu. Baridi kali, kichwa chenyewe hakina unywele. Akaikamata kifuani kwa mikono miwili, na hata mpira ulipoanza hakuivaa. Mpaka nilipomwambia, "Mzee, kofia," akaiangalia kama ya mtu mwingine.

Mpira wenyewe ulikuwa balaa. Dakika ya 10 bao, dakika ya 17 bao, tumekufa mbili. Kisha dakika ya 22 kipa wetu Nick Pope akatoka nje ya boksi kuuwahi mpira kwa kichwa, akaukosa vizuri, akaudaka kwa mikono akiwa kalala kwenye majani. Kadi nyekundu. Sasa sikiliza maana yake: kadi ile inamtoa kwenye fainali ya Kombe la Ligi Jumapili hii, Wembley, dhidi ya Manchester United. Kipa wa pili, Dúbravka, haruhusiwi, kwa sababu mwanzoni mwa msimu alikopeshwa, akakopeshwa kwa nani? Kwa haohao Manchester United, na akawachezea kombe hilihili. Tumebaki na Loris Karius. Ndiyo, yuleyule. Fainali ya Mabingwa 2018 kule Kyiv, Liverpool na Real Madrid, yule kipa aliyewapa Madrid zawadi mkononi na shemeji akataka kuvunja runinga ya watu. Tangu aje kwetu hajagusa mechi ya mashindano. Mji mzima unazungumza jina lake kwa sauti ya chini, kama mnavyomzungumza mgonjwa aliye chumba cha pili.

Na usiku uleule, natoka uwanjani nimefungwa mbili, nafungua simu nakuta Simba imechapwa tatu na Raja pale kwa Mkapa. Ujumbe wa sauti wa shemeji ulikuwa umeshafika, dakika nne, kicheko kitupu. Jumapili Yanga wakampiga Mazembe 3–1, akatuma mwingine. Mwambie Jumamosi Mnyama, Simba wetu, yuko Uganda na Vipers, tusubiri. Huo wa pili sijausikiliza.

Utaniuliza fainali ina nini hasa, wakati Wazungu wana makombe kila mwezi. Hapa hawana. Kombe kubwa la mwisho kubeba la nchini ni Kombe la FA la 1955, walipoifunga Manchester City 3–1 na Jackie Milburn akafunga kabla hata dakika moja haijaisha. Jirani yangu alikuwa na miaka kumi, anasema walijazana watoto kumi na wangapi nyumba moja yenye televisheni, na yeye alikuwa nyuma ya mlango hakuona hilo bao. Alisikia kelele tu. Baada ya hapo walibeba moja kubwa la Ulaya 1969, basi. Fainali za Wembley wamezifika 1974, 1976, 1998 na 1999, zote wamepigwa, bao moja tu kwa fainali nne. Ishirini na nne miaka imepita hawajaiona fainali nyingine. Ndiyo maana kila dirisha la mtaa wangu lina bendera nyeusi na nyeupe, mji umekuwa kama kunguru wetu wa shingo nyeupe. Muuza nyama kavaa skafu juu ya aproni. Wagonjwa wanaulizana kama wataruhusiwa kabla ya Jumapili.

Mimi hilo hunikumbusha Mzee wetu na Pamba yake, timu ya Mwanza. Hapa hakuna habari ya mtoto wa Newcastle kushabikia timu ya London, angefukuzwa mezani. Sisi Mwanza tumejigawa Simba na Yanga, timu za Dar, na hiyo Pamba, TP Lindanda ya kwetu, imepotea Ligi Kuu miaka zaidi ya ishirini na tunaona kawaida. Mzee peke yake ndiye alikuwa akiuliza "Pamba wamefanyaje?" na sisi tunacheka. Sasa nakaa na watu elfu hamsini wanaouliza swali lilelile, wala hawachekwi.

Jirani anaondoka Ijumaa kwa treni na kijana wake. Alikuja jana usiku kunionyesha tiketi, hakutaka niishike. Kisha akaniambia, kama jambo dogo, kwamba ana nafasi mfukoni ya kitu kimoja kama ninacho cha kupeleka. Nikampa ile skafu yangu ya kwanza, ya msimu ule wa daraja la pili, imechakaa pindo zote. Hakuuliza kwa nini. Akaikunja vizuri mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa tiketi.

Unakumbuka Machi 2020, Samatta alipowafunga Manchester City kwa kichwa Wembley hiyohiyo na jezi ya Aston Villa? Fainali ya kombe hilihili. Mlipiga simu mtaa mzima mkipokezana. Walifungwa 2–1, na mpaka leo hakuna aliyenikumbusha kwamba walifungwa.

Mechi ni Jumapili, saa moja na nusu usiku kwa saa zenu. Yanga wako Bamako siku hiyohiyo, kwa hiyo rimoti ifiche mapema. Jezi ivae, usiifue. Nitatazama na yule Mghana chumbani kwangu, saa mbili usiku ya hapa tunaingia shifti wote wawili. Mama apewe kiti cha mbele hata kama haelewi.

Na simu usiishikilie. Sitakupigia Karius akiokoa, sitakupigia tukifunga, hata tukiwa mbili mbele dakika ya 97 sitakupigia. Nitangoja refa apulize, nione wachezaji wamekaa chini, nimuulize na Mghana. Ndipo.

Wako,
Doto