YAH: Bastola niliyoagiza kwa mkono wa kushoto, na aibu niliyopewa kwenye uwanja wenu wa shabaha

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimejizuia siku tisa nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Nitajitahidi kuwa na adabu kwa sababu nimelelewa nayo, lakini naomba asiwepo mtu ofisini kwenu atakayeichukua adabu yangu kuwa ni unyonge.

Mambo ya leseni, fomu ya oda na malipo ya awali ya shilingi 1,850,000 sirudii, mnayo kwenye faili. Utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi. Naomba tu mlitoe faili hilo muone kwenye fomu ya oda pameandikwa, kwa mkono wa muuzaji wenu mwenyewe na kupigiwa mstari: "Mteja ni mashoto." Sikuandika mimi. Aliandika yeye, baada ya kunihoji nusu saa nzima.

Sasa niambieni, mtu aliyeandika hivyo aliniletea vipi CZ 75 yenye kikomeo cha usalama upande wa kushoto peke yake?

Siilaumu bastola. Ni silaha inayoheshimika duniani tangu miaka ya sabini, na mwenye mkono wa kulia akiishika, dole gumba lake linatua juu ya kile kikomeo bila hata kutafuta. Mimi dole gumba langu liko upande wa pili. Ili nitoe usalama ni lazima nilegeze mshiko na kuzungusha dole juu ya kitako, au nitumie mkono wa kulia, ambao siku ya shari huenda umeshika mtoto au mfuko wa fedha. Nilipomwambia muuzaji akajibu, "Mama, bastola zote zinatengenezwa kwa ajili ya kulia, hakuna bastola ya mashoto." Huo ni uongo, na kiwanda kilichotengeneza hiyo CZ 75 ndicho kinachomsuta. Kilitoa CZ 85, ambayo kimsingi ni bastola ile ile, ila vikomeo vimewekwa pande zote mbili. Kama mashoto hatupo, walimtengenezea nani?

Tena hiyo CZ 75 sikuiomba. Tulikubaliana CZ P-07, milimita 9. Tulifika hapo kwa kuhesabu shilingi moja moja, maana bajeti yangu ilikuwa 3,200,000 na sikuificha. Muuzaji alianza kwa kunionyesha Glock 19 ya kizazi cha tano. Nikaishika, nikaipenda, nakiri. Haina kikomeo cha usalama cha dole gumba, usalama wake uko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kutafuta kwa kushoto wala kulia. Kizuizi cha slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, kiko pande zote mbili, na kitufe cha kuachia magazini ya risasi kinahamishika. Lakini bei ilinizidi. Nikasema nitafutieni ya bei nafuu inayonifaa, ndipo tukaifikia P-07: kikomeo cha kushushia nyundo bila kufyatua kiko kulia na kushoto, na kitufe cha magazini kinahamishiwa upande wa pili. Kizuizi cha slaidi kiko upande mmoja tu, nikasema hilo nitavumilia, kwa sababu slaidi naivuta kwa mkono wa kulia kutoka juu na kuiachia. Nilieleza yote haya nikiwa nimekaa kwenye kiti chenu, na chai mlinipa. Sikuwa mteja asiyejua anachotaka.

Jumamosi ile nilipanda basi la alfajiri kutoka Kahama hadi Mwanza, nikafika dukani kwenu nikiwa na moyo mweupe kabisa. Nikakuta CZ 75 mezani, pembeni yake mkoba wa bastola wa mkono wa kulia. Mkoba wa kulia! Ukiufunga kiunoni kushoto, mpini unageukia mbele, sasa mkono wa kushoto utautoaje? Nikaambiwa, "Nenda kajaribu kwanza uwanjani, utaizoea." Na mimi kwa upole wangu nikakubali. Ningejua kilichokuwa kinanisubiri kule ningegeuza na basi lile lile.

Sasa nasema kilichotokea uwanjani.

Mkufunzi wenu ni kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza. Hakunisalimia. Sikutegemea anipigie magoti, lakini shikamoo haina gharama. Nilimwambia mimi ni mashoto. Nikaomba miwani ya kukinga macho, kwa sababu karibu bastola zote hutupa ganda upande wa kulia, na ingawa ukinyoosha mikono vizuri ganda hupita mbali, kuna siku huruka kuelekea usoni. Akasema miwani imekwisha. Nikasimama kwenye mstari. Nyuma yangu palikuwa na wanaume watano wanaosubiri zamu yao. Risasi ilikuwa imeshaingia chemba. Mkono wa kushoto umeshika mpini, wa kulia umeukumbatia kwa mbele, nimeshalenga. Akaja kwa nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mama, mkono wa kushoto ni wa chooni. Bastola hushikwa kwa mkono wa kulia." Akanikamata kifundo cha mkono, akanibandua vidole, akanihamishia bastola mkono wa kulia. Wale wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Fundisha, mwalimu."

Ndugu Meneja, nina miaka arobaini na saba. Nimeuza mchele wa jumla miaka kumi na tisa. Nimesimama mbele ya madereva, wapagazi na matapeli, na hakuna aliyewahi kunishika mkono namna ile.

Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinichapa vidole kwa ukingo wa rula, siku baada ya siku, mpaka nikaanza kuandika kwa mkono wa kulia. Nyumbani bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga wakati wa kula, na bibi namsamehe, yeye aliamini ananifundisha heshima. Ndiyo maana hata barua hii naiandika kwa mkono wa kulia, kwa sababu ya fimbo. Lakini kupepeta, kukata, kushika panga, kurusha jiwe, kufunga fundo, vyote nafanya kwa kushoto, na jicho langu la kulengea ni la kushoto vilevile. Hilo la jicho mkufunzi yeyote anapaswa kulipima kabla hajamgusa mtu: unanyoosha mikono, unatengeneza tundu kwa viganja, unatazama kitu cha mbali, kisha unafumba jicho moja moja. Haichukui dakika. Aliyenifundisha mara ya kwanza, mzee mstaafu wa jeshi, ndicho kitu cha kwanza alichofanya. Kwa mkono wangu wa kushoto, mita saba, risasi kumi, niliweka nane ndani ya duara. Kwenu, kwa mkono wa kulia niliolazimishwa, huku natetemeka, sikupata hata moja ndani. Na yule kijana akaandika kwenye karatasi yake kwamba mteja "bado hajaiva." Ile karatasi naitaka. Hayo si matokeo yangu.

Nilipopiga simu Jumatatu, dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri na ninamshukuru. Akanihamishia kwa mtu wa mauzo, ambaye aliniambia mambo mawili. Kwanza, kwamba nikitaka kubadilisha oda nikatwe asilimia 20. Pili, kwamba "utani wa uwanjani usiuchukulie moyoni."

Utani. Basi ngoja niueleze tena huo utani, kwa sababu mara ya kwanza nilieleza aibu, na jambo zito kuliko aibu sijalieleza.

Bastola ilikuwa na risasi chembani. Nyundo ilikuwa imesimama. Kikomeo cha usalama nilikuwa nimeshakitoa, kwa mkono wa kulia na kwa taabu, kama nilivyoeleza. Kidole changu kilikuwa nje ya triga, kimenyooka juu ya fremu, kwa sababu yule mzee alinifundisha kisiingie mpaka niamue kufyatua. Mkufunzi wenu hakutazama kidole kilipo. Alinivamia kwa nyuma, akashika mkono uliobeba silaha iliyo tayari kulipuka, akaubandua. Katika kuhamisha, mtutu uliacha shabaha, ukageuka kulia, ukapita usawa wa magoti ya yule kijana anayeokota maganda, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo pembeni ya ukuta. Nilimuona uso wake. Yeye hakucheka. Wale watano walikuwa wanacheka neno "chooni," na huku mtutu unampitia mtoto wa watu miguuni. Kama kidole changu kingekuwa kimeingia ndani kidogo tu, na mtu ananikunja vidole kwa nguvu, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine, na mwenye kesi ningekuwa mimi, kwa sababu silaha ilikuwa mkononi mwangu.

Kwenye ukuta wenu mmeandika kwa rangi nyekundu kwamba mtutu usielekezwe kwa kitu usichokusudia kukipiga. Nimelisoma bango hilo nikiwa nasubiri zamu. Aliyelivunja ni mfanyakazi wenu, amevaa fulana yenye nembo yenu.

Na baada ya hapo nilimaliza risasi zilizobaki, kwa kulia, kwa sababu nilishindwa kusema neno. Hilo ndilo linaloniuma usiku. Nilirudi kuwa mtoto wa darasa la pili.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimepanga kuomba jambo dogo: nipewe P-07 tuliyokubaliana, kwa bei ile ile, kitufe cha magazini kikiwa kimehamishiwa kulia, na mkoba wa kushoto. Basi. Ningekuja kuchukua na kunyamaza. Lakini nimeisoma tena hiyo habari ya asilimia 20. Nikatwe kwa kosa gani? Aliyebadilisha oda ni nani? Tena mnajua fika kwamba silaha si shati, namba yake ikishaandikwa kwenye leseni huwezi kuirudisha dukani ukachukua nyingine kesho yake. Nashukuru Mungu sikusaini kuipokea. Ningesaini, ningerudi kuanza upya, ofisi kwa ofisi, kwa uzembe usio wangu.

Kwa hiyo nataka haya. Fedha yangu yote, shilingi 1,850,000, bila kukatwa hata senti. Nauli ya safari mbili za kwenda na kurudi, na usiku mmoja wa gesti, risiti nimeambatanisha. Karatasi ile ya matokeo ichanwe mbele yangu au irudishwe kwangu. Barua ya kuomba radhi, yenye sahihi yako wewe Meneja, si ya mtu wa mauzo, na iseme wazi kilichofanyika, isiseme "usumbufu uliojitokeza." Na yule kijana aondolewe kwenye mstari wa kufyatulia mpaka afundishwe upya kushika silaha na kushika maneno yake. Sisemi afukuzwe kazi. Ana mama yake naye. Lakini asimguse mteja mwingine mwenye risasi chembani.

Pia miwani inunuliwe. Sijui kwa nini inabidi hili liandikwe na mteja.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Juzi nimepokea ujumbe kutoka namba ya duka unaosema, "Bastola yako ipo tayari, njoo uchukue." Bastola yangu ipi? Kwa hiyo siku ni saba, kuanzia siku mtakayosaini kuipokea barua hii. Siku ya nane napeleka nakala Tume ya Ushindani, kwa sababu kumwahidi mteja bidhaa moja na kumpa nyingine ni jambo linalogusa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nakala ya pili napeleka polisi, kwa ofisa anayehusika na silaha, nikieleza mtutu ulipita wapi na mbele ya mashahidi wangapi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuwekwa kwa ajili ya sisi wanunuzi peke yetu. Yule kijana wa maganda nimezungumza naye, na yuko tayari kusema alichokiona. Akipoteza kibarua chake kwa sababu ya sentensi hii, nitaongeza ukurasa.

Na P-07 siitaki tena kutoka kwenu, hata mkiniletea mlangoni.

Wenu,

Mteja wa Kahama
(Jina kamili na sahihi vipo kwenye nakala ya stakabadhi iliyoambatanishwa. Nimesaini kwa mkono wa kushoto.)