“Mwisho bei gani?” si swali la kununulia guta

Mhariri,

Kila msimu wa viazi na parachichi unapokaribia, wabeba mizigo kuanzia Isongole hadi Makambako huanza kutafuta guta, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma. Wengi huanza kwa kumpigia dalali simu na kumuuliza, “Mwisho bei gani?” Ukiuliza hivyo kabla hujakiona chombo, dalali ameshajua kwamba una hela mkononi na hujui unachokitafuta. Atataja bei iliyopandishwa, atakushushia laki moja mkikutana, nawe utaondoka unachekelea. Sisi mafundi ndio tunaolipokea guta hilo wiki inayofuata, kwa hiyo tunaomba nafasi kwenye safu yenu tueleze punguzo la kweli linapatikana wapi.

Linapatikana kwenye orodha ya ubovu yenye bei pembeni. Kabla ya kwenda kuliona guta, pita duka la spea uulize bei ya vitu hivi: klachi pleti, pistoni na ringi zake, beringi za nyuma, oili sili za ekseli, krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma), breki shuu, betri, na tairi moja la nyuma (maguta mengi huvaa 5.00-12). Muulize na fundi gharama ya kufunga kila kimoja. Andika yote kwenye karatasi moja uende nayo. Muuzaji atabishana nawe kuhusu guta mpaka jioni, lakini bei ya duka hana namna ya kuibishia.

Siku ya kwenda, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Nenda asubuhi na mapema, na kitu cha kwanza gusa ubavu wa silinda kwa kiganja. Ukikuta vuguvugu, kuna kitu kimefichwa: kaa chini, subiri ipoe, au urudi kesho. Injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapata moto. Asubuhi ya baridi, hasa Juni na Julai huku kwetu, ndipo inapokataa, ndipo inapotaka choki muda mrefu na kupigwa kiki mpaka mguu uume.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi haina neno, ni kazi tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na kwa injini ya rejeta, yaani inayopozwa kwa maji, maana yake mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha silinda kuharibika au kichwa chenyewe kupinda. Hapo usijadili bei, aga. Ikiwaka, iache ingurume taratibu, kisha legeza mfuniko wa oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Kama moshi unatoka kwa kupuliza na kusukuma mfuniko, ringi zimekwisha: moto unapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Kwenye karatasi yako andika pistoni, ringi, kuchonga bloku na ufundi.

Sasa kuna jambo ambalo wanunuzi wa Mbeya, Njombe na Makete hukosea kuliko wenzao wa Pwani, na hukosea kotekote: wengine wanakataa guta zima, wengine wanachukua bovu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo guta la cc 200 likiwa Mbeya linavuta kama la cc 165 lililoko Dar es Salaam. Ukipanda nalo Kitulo, kwenye mita 2,600, robo nzima ya nguvu imekwenda. Huo si ugonjwa, na hakuna fundi wa kuutibu. Anayebeba mbao au viazi milimani asishawishike na unafuu wa cc 150, maana atalipia tofauti hiyo kwa klachi.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayovuruga kabureta. Guta lililotoka Pwani linakuja na jeti ya Pwani, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta: petroli inaingia kiasi kilekile, hewa imepungua. Litatoa moshi mweusi, litakunywa mafuta na litakuwa zito kilimani. Mnunuzi akiona moshi anakimbia; muuzaji naye, asiyejua, anashusha bei kwa hofu. Hapa ndipo pa kupata chombo kizuri kwa bei ya kutupwa. Fungua plagi uitazame kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi na kavu, masizi yanayofutika kwa kidole kama ya chungu, hiyo ni petroli iliyozidi, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi kwa hatua moja au mbili na kusafisha chujio la hewa. Ikiwa nyeusi, imelowa na inang’aa kwa grisi, hiyo ni oili inayoungua, na moshi wake ukiutazama vizuri una ubuluu. Ya kwanza inaponywa kwa kitu kidogo sana. Ya pili ni kufungua injini.

Usisahau chujio lenyewe. Toa kifuniko cha boksi lake, pitisha kitambaa cheupe kwenye bomba upande wa ndani, ule unaoelekea kwenye kabureta. Ukipata vumbi huko, injini imekuwa ikila mchanga, hata ikiwa leo inanguruma vizuri.

Kwa guta la rejeta, jua pia kwamba kwenye mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye mpira uliokatika unatosha kulichemsha guta lenye mzigo kilimani, na muuzaji anaweza kuwa amekwisha kubadilisha feni, pampu na hata gasketi bila kuugusa.

Tuje kwenye chasisi, kwa sababu injini hubadilishwa ila chasisi iliyovunjika ikishaungwa ovyo haiishi kusumbua. Kwenye karatasi za kiwandani guta limeandikiwa uzito wa mzigo wake, lakini barabarani linabebeshwa lumbesa juu ya lumbesa. Chuma hupasuka karibu kila mara mahali palepale: pale fremu ya mbele, yenye kiti na injini, inapoungana na fremu ya bodi, na kwenye vishikio vya springi. Tazama kama kuna rangi mpya sehemu hiyo tu. Rangi mpya ya guta zima inaweza kuwa usafi; rangi ya shubiri mbili chini ya kiti ni plasta.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, ila unaonekana kwa chaki. Safisha sehemu hiyo kwa brashi ya waya, pakaza mafuta ya taa, acha dakika 10 hadi 15, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki nyeupe, ipake juu. Kaa kwenye bodi mtu mmoja au wawili mlitikise guta kidogo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachungulia kwenye chaki kama mstari mweusi mwembamba, wakati mwingine mrefu kuliko ulivyodhani. Kazi yote haifiki nusu saa. Muuzaji anayekataa guta lipakwe chaki amekwisha kukujibu. Ufa mmoja mfupi unachomelewa na kuwekewa bamba, nawe unaukata kwenye bei. Ufa uliokwishachomelewa mara mbili na kupasuka tena pembeni ya weldi uache hapohapo.

Nyuma, kwenye difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma), kazi ni fupi. Zima injini, ingiza gia, kisha sukuma guta mbele na nyuma huku ukishika propela. Ikicheza kwa mlio wa kugonga, krosi au meno ya krauni yamelika. Fungua nati ya kumwagia oili ya difu: uji wa rangi ya fedha ni wa kawaida, vipande vya chuma vyenye pembe si vya kawaida hata kidogo. Ukiona unyevu wa oili ndani ya rimu, sili imekufa na breki shuu zimelowa, hivyo unalipia vyote viwili. Matairi ya nyuma yawe saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo difu inafanya kazi hata kwenye njia iliyonyooka. Soma na namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2321 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kashata (meno ya tairi) nzuri kwenye tairi la miaka minane si mali.

Kulijaribu guta tupu kwenye uwanja tambarare ni kujidanganya. Omba mzigo, hata magunia mawili ya mchanga, utafute kilima. Iringa kipo cha kutosha ukitoka Ipogolo kupanda mjini, lakini chagua mtaa wa pembeni. Na kwa Mbeya, tafadhali msijaribu breki za guta msilolijua kwenye barabara kuu yenye malori ya Tunduma. Simama katikati ya mwinuko, funga handibreki, uone kama inashika. Ondoka kwa gia ya kwanza: injini ikipiga kelele bila guta kusogea, klachi inateleza. Jaribu rivasi ukiwa na mzigo, kwa sababu rivasi iliyolika inashika vizuri tu guta likiwa tupu.

Kadi ni sehemu ya bei. Linganisha namba ya chasisi na ya injini, moja baada ya moja, kwa kadi halisi, si kopi wala picha ya simu. Namba iliyokwaruzwa au yenye tarakimu zisizo na mstari mmoja haina mjadala. Kama jina la kwenye kadi si la anayeuza, mwenye jina aletwe, au guta lihamishwe kwanza TRA. “Kadi imepotea” inajibiwa kwa taarifa ya polisi na kadi mpya, na muuzaji ndiye anayezishughulikia kabla hujatoa senti. Maguta mengi hununuliwa kwa mkopo, na kadi halisi hubaki kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Unaweza kununua chombo na wiki ya tatu kikafuatwa na wenyewe. Angalia pia deni la faini kwa namba ya chombo kwenye mfumo wa polisi wa intaneti, na kubalianeni kwa maandishi nani atalipa ada na ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki. Hapo watu husahau, kisha hugombana kaunta.

Kwa anayetaka jipya maneno ni machache. Uliza bei ikiwa na VAT, usajili, namba, bima na kuunganishwa, halafu udai risiti ya EFD. Duka likikataa kushusha hela, omba vitu: tairi la akiba, jeki, klachi pleti, turubai, huduma ya kwanza ya kumwaga oili. Mwenye duka huona wepesi zaidi kutoa spea kuliko kugusa bei, na kwako hiyo ni hela ileile. Mkienda watu watatu wa kikundi kimoja, nguvu yenu inaongezeka. Kwa mkopo piga hesabu mwenyewe, usikubali kuambiwa “ni laki moja na nusu tu kwa wiki”. Tuseme kianzio ni 2,000,000 na marejesho ni 150,000 kwa wiki 52: umelipa 9,800,000. Kama bei ya taslimu ilikuwa 7,500,000, mkopo wenyewe umeununua kwa 2,300,000. Pengine unakufaa, ila ujue bei yake.

Wakati mzuri wa kununua lililotumika kwa mikoa hii ni Januari hadi Machi. Ada za shule zimedai, mbolea imedai, mvua zimekata njia za vijijini na maguta yamelala. Baada ya mavuno kila mtu ana hela na bei hupanda bila guta kubadilika chochote.

Sasa ndipo mnakaa chini. Tuseme ametaja 4,000,000. Klachi, krosi, tairi moja na ufundi vimefika 350,000 kwa karatasi yako. Ongeza 150,000 ya siku ambazo guta litalala gereji bila kuingiza kitu. Unabaki na 3,500,000, basi anza na 3,300,000 ukimsomea kipengele kimoja kimoja, na usivuke 3,500,000. Zungumza na mwenye mali mwenyewe. Dalali alipwe kwa makubaliano yaliyotajwa mapema, maana asiyetajiwa chake hukiweka ndani ya bei. Mkikubaliana, mkataba uandikwe kwa wakili, namba ya chasisi na ya injini zikiwemo, malipo yapite benki au kwa simu yenye jina la muuzaji. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka kadi itoke ikiwa na jina lako.

Mafundi wa maguta na bajaji,
Uyole, Mbeya