Chuma cha kwenye uji, mbona kina mama hatuambiwi yote?

Mhariri,

Naomba nafasi manake hili jambo limenikaa rohoni. Mwanangu alipofika miezi sita nilipewa kliniki vile vipakiti vya poda ya vitamini na madini, chuma kikiwemo, nikaambiwa nyunyiza kwa uji, ataongeza damu, basi. Wiki ya pili choo kikawa cheusi kama masizi ya sufuria, halafu akaanza kuhara mara tano mara sita kwa siku, mie nabadilisha nepi huku nalia. Kumbe choo cheusi ni kawaida mtoto akipewa chuma, nimekuja kujua baadae sana. Na huko kuhara siwezi kuapa ni ile poda.

Lakini jamani, utafiti wa mambo haya ulifanywa hapa hapa Kwale kwa watoto wetu, ukatoka kwenye jarida 2015! Watoto 115 wa miezi sita, uji wa mahindi, miezi minne, na chuma kiliongeza bakteria wabaya tumboni, zikiwemo zile E. koli za kuleta ugonjwa, na kupunguza wazuri. Kwa waliopewa miligramu 12.5, kama 27 kwa mia walitibiwa kuhara na wenzao wa poda isiyo na chuma ni 8 kwa mia, ingawa watoto ni wachache na hiyo tofauti ya kuhara peke yake haitoshi kukata shauri.

Sababu inaeleweka kabisa. Mahindi yana kitu cha asili kinaitwa faiteti kinachoshika chuma, mtoto anafyonza kidogo tu, kingine chote kinashuka utumbo mpana na huko bakteria wabaya wanakivamia kama nzi kwa embe bovu, wakati bifidobakteria, wale wazuri wanaolelewa na maziwa ya mama, hawana haja nacho sana.

Sisemi mama yeyote atupe poda, mtoto akikosa damu hata ubongo unaumia. Ila watafiti walirudi Kwale, majibu yakatoka 2017, chuma miligramu 5 pamoja na aina ya sukari inayolisha bakteria wazuri, na matumbo ya watoto yakakaa vizuri zaidi. Mie pakiti yangu imeandikwa nyuma chuma miligramu 10 na hiyo sukari haimo. Kwa nini?

Na wahudumu wetu, tafadhali, mkituona pale kwenye mizani tuambieni choo kitabadilika, tuendelee kunyonyesha, na mtoto akihara tumrudishe siku hiyo hiyo.

Mama wa mtoto mmoja,
Kwale